Mama alianguka wodini baada ya kupewa dawa ya usingizi. Ni dawa, ni uzee au ni uzembe?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 76, ana presha, na anaishi kwake Machame. Mwezi uliopita alilazwa katika hospitali moja hapo Moshi kwa nimonia. Usiku wa kwanza hakupata hata lepe la usingizi. Alilalamika sana, na sisi wenyewe tukamwomba nesi amsaidie, akaandikiwa diazepamu. Usiku wa tatu wa kuimeza, kama saa nane, aliamka kwenda chooni akaanguka. Alipasuka juu ya jicho na kuumia kiuno. Alishonwa, na eksirei haikuonyesha mvunjiko. Sasa nipo naye kwangu Arusha. Kaka anasema ni uzembe wa manesi, kwa nini hawakuinua vyuma vya kitanda? Shangazi anasema ni uzee tu. Mimi nina wasiwasi na dawa, maana nimekuta kwenye mkoba wake vidonge vilevile, kumbe amekuwa akivinunua siku nyingi. Kila jioni anaviomba. Je, nimnyang'anye? Nikimpa Piriton badala yake itakuwa salama zaidi? Usiku silali, namsikiliza yeye."

Pole sana, dada, na umfikishie mama pole zangu. Nitajibu yote uliyouliza, lakini lipo moja ambalo hukuuliza na haliwezi kusubiri: kichwa cha mama.

Amepasuka juu ya jicho, maana yake kichwa kiligonga kitu. Mtu akizeeka ubongo husinyaa kidogo, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, na mishipa midogo ya damu inayokatiza hapo hukaa imevutika. Ikichanika, damu huvuja polepole, na dalili zinaweza kuchelewa kwa siku au hata wiki kadhaa, nyuzi zimeshatolewa na watu wameshasahau. Kwa hiyo ukiona kichwa kinamuuma na maumivu yanazidi, anatapika, anasinzia mchana kuliko kawaida yake, maneno yanavurugika, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, anapata degedege, au anaanza kuchanganya watu na siku, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye kipimo cha CT, picha inayoonyesha ndani ya kichwa. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini kwa mfano, uwe mwepesi zaidi. Na hapo ndipo vidonge vinaponitia hofu ya pili: mzee akisinzia kutwa, familia husema ni dawa tu, kumbe ni damu. Usiyakubali maelezo hayo mpaka daktari awe amemwona.

Kiuno nacho kisiachwe. Ufa mwembamba wa nyonga wakati mwingine hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Kama mpaka leo akikanyaga anasikia maumivu makali kwenye kinena, au anakwepa kuuegemea mguu mmoja, arudi apigwe picha nyingine.

Tuje kwenye dawa. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ya kila siku ni kupitia dawa za wagonjwa waliolazwa. Kwa maelezo yako naona diazepamu ilikuwa na mkono mkubwa katika ajali hii. Siwezi kuapa kwamba ndiyo peke yake, kwa sababu mtu mwenye nimonia ana homa, amepungukiwa maji, hewa haimtoshi na presha yake inaweza kushuka akisimama. Hayo yote yanaangusha watu wasiomeza chochote. Lakini kumwongezea mgonjwa wa namna hiyo dawa ya usingizi ni kumpunguzia kinga ya mwisho aliyobaki nayo.

Wengi wanaamini kidonge cha usingizi kinalaza akili na basi. Sivyo. Diazepamu na wenzake wa kundi la benzodiazepini huipa nguvu GABA, kemikali ambayo mwili unaitumia kutuliza neva. Na GABA haifanyi kazi kwenye usingizi tu. Ipo kwenye serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo na kutuweka wima. Ipo kwenye uti wa mgongo, zinakopita amri za kukaza misuli. Ipo pia kwenye sehemu za kumbukumbu na za kupima hatari. Ndiyo maana diazepamu hiyohiyo tunaitumia kulegeza misuli iliyokakamaa na kukata degedege. Sasa mkojo unambana mama saa nane usiku. Anafungua macho, anajiona yuko sawa, anasahau kwamba ana dripu mkononi na kwamba hapa si chumbani kwake Machame. Anasimama. Mtu mzima asiye na dawa akijikwaa, mguu wa pili hutoka wenyewe kumwokoa kabla hajafikiri, na mikono inatangulia mbele. Kwa aliyemeza diazepamu vyote viwili vinachelewa. Jeraha la juu ya jicho linaendana na hilo: mikono haikuwahi kumkinga.

Kwa nini usiku wa tatu na si wa kwanza? Hili watu wengi hawalijui, hata baadhi ya watumishi wa afya. Diazepamu hupenda mafuta, na mwili wa mzee una mafuta mengi na misuli michache kuliko wa kijana. Ini lake nalo linaisafisha taratibu. Watafiti waliowahi kupima jambo hili miaka ya 1970 walikuta kwamba muda unaohitajika ili dawa ipungue nusu mwilini ni kama saa 20 kwa kijana wa miaka 20, na karibu saa 90 kwa mzee wa miaka 80. Tena ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inalevya na inakaa zaidi. Kwa hiyo kidonge cha Jumatatu kilikuwa bado kimo mwilini mama alipomeza cha Jumanne, na vyote viwili vilikuwepo alipomeza cha Jumatano. Ni ndoo yenye tundu dogo ambayo kila jioni unaiongezea maji.

Halafu kuna ule mkoba. Nilipousoma mstari huo kwenye swali lako nilirudi mwanzo. Kama mama amekuwa akimeza vidonge hivyo siku nyingi, yapo mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, vidonge vilibaki nyumbani, na usiku ule wa kwanza alikosa usingizi kwa sababu mwili uliozoea dawa ulinyimwa ghafla. La pili, mkoba alikuwa nao kitandani, akameza chake juu ya kile cha wodini. Wauguzi hawakujua, daktari aliyeandika hakujua, nanyi pia hamkujua. Sisemi hivi kumlaumu mama. Wazee wengi hawahesabu kidonge cha usingizi kuwa dawa. Ukimuuliza anatumia dawa gani, atakutajia ya presha. Lakini diazepamu ni dawa ya cheti cha daktari, na mzee anapolazwa ni lazima itajwe pale mapokezi, sawa na dawa ya kisukari au ya kifafa.

Shangazi anasema ni uzee. Uzee unaandaa mazingira, haumsukumi mtu. Macho yamepungua, magoti yamechoka, mizani si ya zamani, lakini mama alikuwa akitembea kwake Machame kwenye vilima na migomba bila kuanguka. Kitu kilibadilika ndani ya siku tatu. Tukisema ni uzee tunafunga mjadala, na mzee ataanguka tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wazee, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyingi za ajali hizo zina sababu inayoshikika.

Na kaka yako? Namwelewa, ukimwona mama ana nyuzi usoni lazima utafute wa kumuuliza. Ila kuhusu vyuma vya kitanda amekosea, na ni kosa la wengi. Vyuma vinamsaidia mgonjwa asiyejiweza kugeuka asibiringike. Kwa mtu anayeweza kunyanyuka lakini amelewa dawa, haviwi kizuizi. Anavipanda au anapitia mwisho wa kitanda, na akianguka anatokea juu zaidi. Maswali ya haki kwa hospitali ni mengine: je, aliulizwa dawa anazotumia nyumbani? Je, alionyeshwa pa kubonyeza au jinsi ya kuita? Je, aliambiwa asishuke peke yake baada ya kidonge? Choo kilikuwa umbali gani, na taa ilikuwa inawaka? Mkiwa na malalamiko, yapelekeni kwa muuguzi kiongozi wa wodi kwa maswali hayo. Mtasikilizwa zaidi kuliko mkisema "uzembe", na majibu yake yatamsaidia mgonjwa anayefuata. Muuguzi mmoja akiwa zamu ya usiku na wodi nzima, hawezi kuwa kando ya kila kitanda, na hilo nalo ni la kuzingatia wakati wa kuandika dawa inayolegeza miguu ya watu.

Piriton hapana. Naomba hili ulishike, kwa sababu karibu kila nyumba inayo na kila mtu anadhani haina madhara kwa kuwa ni ya mafua na kuwashwa. Piriton, promethazini na nyingine za aina hiyo hulevya kwa kuziba kemikali mbili, histamini na asetilikolini. Hii ya pili ndiyo inayohusika na kumbukumbu, na pia na kibofu na utumbo. Mzee anaweza kukauka mdomo, kufunga choo, kushindwa kutoa mkojo wote (kisha kuamka mara nyingi zaidi), na kuchanganyikiwa ghafla. Machame kwa mama ni wilaya ya Hai, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 70 na kuendelea, takribani 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi hawajui kama wanao. Dawa za namna hii zinamsukuma mtu kama huyo shimoni. Amitriptilini, dawa ya sonona ambayo nayo hulevya, ina tabia hizohizo, na juu yake inashusha presha mtu akisimama.

Huenda mtu akakwambia zipo dawa mpya, zolpidemu kwa mfano, zinazotoka mwilini haraka. Zinatoka haraka kweli, lakini saa ambazo zina nguvu ndizo saa mzee anazoamka kukojoa. Katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, watafiti walichapisha mwaka 2013 hesabu za wagonjwa wao waliolazwa: kati ya walioandikiwa zolpidemu na kuimeza, walioanguka walikuwa kama asilimia 3, kati ya walioandikiwa lakini hawakuimeza, hawakufika asilimia 1. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi ile ilishusha kwa nusu dozi inayopendekezwa kwa wanawake, kwa sababu asubuhi dawa ilikuwa bado imebaki kwenye damu.

Mama anachopata kwa hatari yote hiyo ni kidogo kuliko anavyodhani. Uchambuzi uliokusanya majaribio 24 ya dawa za usingizi kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba zinaongeza kama dakika 25 za usingizi kwa usiku. Ili mmoja aone usingizi wake umekuwa mzuri zaidi, ilibidi wameze watu 13. Ili mmoja apate madhara, walitosha 6. Nikiwasomea ndugu wa wagonjwa hesabu hiyo, huwa wananyamaza kidogo, halafu wanauliza kwa nini basi inaandikwa. Inaandikwa kwa sababu mgonjwa anateseka, usiku ni mrefu, na kidonge kiko karibu.

Nisiwe wa upande mmoja. Diazepamu ina kazi yake wodini. Inakata degedege. Na mzee aliyezoea mbege au pombe kali kila siku, akilazwa na kuikosa ghafla, anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kufa, na diazepamu ni mojawapo ya dawa zinazomwokoa. Ndugu wakificha kwamba mzee anakunywa, wanamnyima tiba. Ninachopinga ni kuitumia kama jibu la kwanza kwa mtu aliyekosa usingizi kwa sababu nyingine kabisa.

Mgonjwa wa nimonia ana sababu nyingi za kukesha. Kikohozi kinamnyanyua, ubavu unamuuma, homa inapanda usiku. Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, inaweza kumtetemesha na kumwendesha moyo mbio. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ikitolewa jioni hufukuza usingizi, ikitolewa asubuhi inampa nafasi ya kulala. Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ikimezwa jioni itampeleka chooni usiku kucha. Vilevile mgonjwa wa nimonia akilevywa sana na dawa, anapumua kwa shida zaidi na kikohozi chake kinapoteza nguvu ya kutoa makohozi. Akichanganyiwa na dawa kali za maumivu kama tramadoli au mofini, hatari hiyo inaongezeka sana. Kwa hiyo siku nyingine mgonjwa wenu akikesha, mwambieni nesi kinachomwamsha. "Mama anaamshwa na maumivu ya ubavu" ni taarifa inayotibika. "Mama halali" inazaa kidonge.

Mengine mnaweza kuyafanya ninyi wenyewe saa za kuona wagonjwa. Mleteeni miwani na viatu vyake vilivyofunika kisigino, si kandambili zinazoteleza kwenye sakafu iliyodekiwa. Kanga isiburuzike miguuni. Mpeleke chooni kabla hamjaondoka jioni. Mwombeni nesi poti au kiti cha choo kando ya kitanda. Mkae naye mchana akiwa macho, muongee, aote jua dirishani, maana anayesinzia kutwa ataukosa usingizi wa usiku. Haya si mambo ya kujifariji tu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakiongozwa na Dkt. Sharon Inouye walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliopewa huduma za namna hii, pamoja na kinywaji cha moto, muziki wa taratibu na kukandwa mgongo wakati wa kulala, walichanganyikiwa kwa asilimia 9.9, wengine kwa asilimia 15.

Swali lako la mwisho ndilo gumu: umnyang'anye? Usimnyang'anye. Mwili uliozoea benzodiazepini ukikatiziwa ghafla unaweza kutoka jasho, kutetemeka, kupata hofu kali, kukesha kuliko mwanzo, hata kupata degedege. Dawa hizi hupunguzwa kwa ngazi, chini ya daktari. Mpango unaotumika sana ni kupunguza kama robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na taratibu zaidi mwishoni. Kwa mzee aliyezoea muda mrefu inaweza kuchukua miezi. Mpaka mtakapoonana na daktari, aendelee na kipimo kilekile alichokuwa akimeza kabla ya kulazwa, asizidishe, na ushike vidonge wewe, kwa makubaliano naye. Akiwa anasinzia mchana au hapumui vizuri, usimpe hicho kidonge. Mpeleke hospitali siku hiyo.

Na zungumza naye kama mtu mzima mwenye mwili wake. Huko Kanada, mwaka 2014, watafiti waliwapa wazee waliozoea dawa hizi kijitabu chenye maelezo ya madhara na ratiba ya kupunguza, bila kuwashurutisha. Baada ya miezi sita asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa. Kwa wale ambao hawakupewa, asilimia 5. Mwambie ulichosoma hapa. Muulize pia anapanda kitandani saa ngapi. Wazee wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba hawalali wanapanda kitandani saa mbili usiku na kuamka saa nane. Hizo ni saa sita, na kwa umri wao zinaweza kuwa zinatosha. Anachohitaji mtu huyo ni kuchelewa kulala mpaka saa nne, kuacha chai ya rangi na kahawa tangu mchana, na kupunguza usingizi wa baada ya chakula.

Kwa sasa weka godoro lako chumbani kwake, taa ndogo iwake, na poti iwe mkono unapofika. Akitaka kuamka, mfundishe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, achezeshe vifundo vya miguu kwa dakika moja, ndipo asimame akiwa ameshika kitu kisichosogea.

Msipitishe wiki hii kabla ya kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani, Mount Meru au hospitali iliyo karibu nawe. Beba mkoba wenyewe, si orodha, ili kila kidonge kionekane. Omba presha ipimwe mara mbili, akiwa amelala na tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dawa zake za presha zinahitaji kuangaliwa upya pamoja na hivyo vidonge vya usingizi.